Ukiokota burungutu la noti Tokyo: tathmini ya huduma ya polisi ya vitu vilivyopotea

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: kama umeokota pesa nyingi ndani ya Tokyo, polisi ndiko pa kuzipeleka, na huduma yao ni bora. Kwa aliyepoteza pochi yenye jina lake, pia ni nzuri sana. Kwa aliyepoteza bahasha yenye noti tupu, ni ya wastani. Na mwokotaji anayeanza kuhesabu zawadi akiwa bado njiani ajue kwamba huduma itamsindikiza hadi mlangoni tu. Huko ndani atajadiliana mwenyewe.

Tuanze na ukubwa wake. Mwaka 2018 polisi wa jiji la Tokyo walipokea vitu zaidi ya milioni 4, pamoja na fedha taslimu kiasi cha yen bilioni 3.8. Takriban robo tatu ya fedha hizo zilirudi kwa wenyewe. Mwaka huohuo miavuli zaidi ya 300,000 ilikabidhiwa, na iliyorudi kwa wenyewe ilikuwa kama asilimia 1. Watu ni walewale, vituo vilevile, utaratibu uleule. Mwenye pesa huja kuuliza. Mwenye mwavuli hununua mwingine. Kwa hiyo anayezisoma takwimu hizi kama kipimo cha uadilifu wa Wajapani anasoma nusu ya habari. Waokotaji wamepeleka vyote viwili. Kinachoamua kama kitu kitarudi ni aliyekipoteza kukifuatilia, na huduma kuwa na mahali pa kumkutanisha nacho.

Sasa kwa mwokotaji. Aliyeokota pesa nyingi ana maswali matatu. Mawili ya kwanza huzungumzwa kila siku: ni za nani, na nimkabidhi nani? La tatu ndilo linalowafunga miguu hata wenye nia njema. Nikirudisha yen 800,000, kisha mwenyewe akadai zilikuwa milioni moja, nitajiteteaje? Hofu hiyo si ya kipuuzi. Wengi wanaoacha bahasha palepale ilipo, au wanaoikalia hadi inakuwa yao kwa mazoea, hawakuanza na tamaa; walianza na woga wa kuitwa wezi kwa sababu ya wema wao. Huduma yoyote ya vitu vilivyopotea ipimwe kwanza kwa swali hili la tatu, na hapa ndipo ile ya Tokyo inapopata alama zake nyingi.

Mlango wa kuingilia ni koban, yaani kibanda kidogo cha polisi cha mtaani. Japani ina vibanda hivyo zaidi ya 6,000, na mjini mara nyingi kiko karibu na kituo cha treni. Ukikuta askari hayupo yuko doria, kuna simu mezani inayokuunganisha na kituo kikuu. Piga na usubiri. Usiache bahasha juu ya meza ukaondoka, hata kama una haraka. Pesa zikitoweka kabla askari hajarudi, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba uliwahi kufika.

Ukiwa bado barabarani, usihesabu. Usizitoe kwenye kifuniko chake, wala usivute ukanda wa karatasi unaofunga noti. Noti 100 za yen 10,000, yaani yen milioni moja, hutoka benki zikiwa zimefungwa kwa ukanda wenye jina au mhuri wa benki, na unene wake ni kama sentimita moja. Ukanda huo unaweza kumfikisha askari kwenye tawi zilikotoka kabla hata mwenyewe hajapiga simu. Ukiuchana kwa kutaka kujua ni kiasi gani, umechana ushahidi. Andika saa na mahali hasa: upande gani wa barabara, mbele ya jengo gani, chini au juu ya benchi. Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu muda wa kisheria huanza kuhesabiwa ulipookota, na pia kwa sababu mwenye mali ataulizwa alipita pale lini.

Kwenye kaunta askari hufungua kifurushi na kuhesabu mbele yako, akiandika idadi ya noti kwa kila aina pamoja na sarafu. Hesabu hiyo ndiyo kinga yako. Ifuatilie kwa macho, na jumla ikitofautiana na ulichokiona, sema hapohapo. Kisha anaandika sura ya kitu: rangi ya bahasha, maandishi yaliyo juu yake, kama noti zimefungwa kwa mpira au kwa karatasi. Unatoa jina, anwani na simu. Mwisho unapewa stakabadhi yenye namba ya kupokelewa, maelezo ya kitu, na tarehe ambayo haki zako zinaanza. Karatasi hiyo ilindwe kama hati, kwa maana bila namba yake kila swali la baadaye huanza upya.

Kabla ya stakabadhi kuna maswali ambayo watu wengi huyajibu kwa haraka mno. Je, unataka haki ya kumiliki pesa hizi kama mwenyewe hatapatikana? Je, unataka haki ya kudai zawadi kama atapatikana? Je, unakubali jina na anwani yako kupewa mwenye mali? Unaweza kukataa yote, baadhi, au kutokataa lolote. Wenye aibu huachia kila kitu kwa kuona kudai ni ulafi. Ni uamuzi wa mtu, ila sheria haikuziweka haki hizi kwa bahati mbaya, na kuzishika hakukufanyi kuwa mwaminifu pungufu. Suala la jina ndilo linalohitaji kufikiriwa zaidi. Ukikubali, mwenye mali anaweza kukupigia simu kukushukuru. Anaweza pia kukupigia kukuuliza noti nyingine ziko wapi. Ukikataa, unalala kwa amani, lakini zawadi inakuwa ngumu kuidai kwa mtu asiyekujua.

Muda ndio sehemu iliyobuniwa kwa akili kuliko zote. Sheria ya Vitu Vilivyopotea, iliyoandikwa upya mwaka 2006 na kuanza kutumika Desemba 2007 badala ya ile ya 1899, inampa mwokotaji siku 7 za kukabidhi. Akichelewa, kitu bado kitapokelewa, lakini haki ya zawadi na haki ya umiliki zimekwisha. Kikiokotwa ndani ya jengo au chombo cha usafiri chenye msimamizi, kama duka, kituo cha treni au basi, kinakabidhiwa kwa wahusika wa hapo, na muda ni saa 24 tu. Hapa ndipo wageni wengi huteleza: wameokota pochi ndani ya treni saa tatu usiku, wakaona ni afadhali kuipeleka koban ya karibu na hoteli kesho yake mchana. Nia ni njema, lakini mlango siyo, na saa 24 zinazidi kuisha.

Ukitazama vizuri, muda huo unafanya kazi ambayo mahubiri hayaifanyi. Mtu aliyeokota pesa hubadilika kwa kukaa nazo. Siku ya kwanza ni za fulani. Siku ya nne ni zilizookotwa. Siku ya kumi ni zangu ambazo sijazitumia. Sheria inamkatia njia katikati ya safari hiyo, tena kwa kumwonyesha faida anayoipoteza. Adhabu nayo ipo: kifungu cha 254 cha Sheria ya Adhabu kinampa anayejimilikisha kitu kilichopotea kifungo kisichozidi mwaka mmoja au faini isiyozidi yen 100,000. Faini hiyo ni ndogo ukiilinganisha na burungutu nene, na sidhani ndiyo inayowasukuma watu kwenye kaunta. Kinachowasukuma ni kwamba kaunta iko karibu na shughuli yake haichoshi.

Baada ya hapo pesa husubiri miezi 3. Zamani ilikuwa miezi 6. Taarifa zake huwekwa kwenye tovuti ya polisi, kwa maelezo ya jumla tu, na vitu ambavyo wenyewe hawajapatikana hupelekwa kwenye kituo kikuu cha vitu vilivyopotea cha polisi wa Tokyo, eneo la Iidabashi. Mwenyewe asipojitokeza, mwokotaji aliyeshika haki yake anakuwa mmiliki, na ana miezi 2 ya kwenda kuchukua. Akipitisha miezi hiyo, pesa zinakuwa za serikali ya jiji. Tarehe zote mbili zihesabiwe kwa stakabadhi, siyo kwa kumbukumbu. Kumbuka pia kwamba umiliki hauhusu kila kilichomo: kadi, vitambulisho, simu na nyaraka zenye taarifa za mtu haviwi vya mwokotaji kamwe. Ukiokota pochi, mwisho wa safari unaweza kupata noti na ngozi, basi.

Sasa upande wa aliyepoteza, ambako alama zinashuka. Pochi yenye kitambulisho haina shida. Polisi humtafuta mwenyewe. Bahasha yenye noti tupu ni kesi nyingine, kwa sababu noti haina jina, na kila mtu angependa iwe yake. Njia ya polisi ni kunyamaza kuhusu alama na kumwacha mdai azitaje: aina ya noti, idadi yake, rangi ya bahasha, namna zilivyofungwa, alipita wapi na saa ngapi. Msomaji aliyepita madrasa atautambua utaratibu huu, kwa kuwa mlango wa lukata, yaani kitu cha kuokota, katika fikihi (elimu ya sheria za Kiislamu) unaanza hivyohivyo: okota, jua chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha tangaza mwaka mzima. Unatangaza kitu, alama unabaki nazo. Ni mbinu ya kale, na hadi leo hakuna iliyo bora zaidi.

Tatizo ni kwamba wengi wanaopoteza pesa hawajui walichopoteza. Wanajua "kama milioni mbili hivi". Hawakumbuki kama noti zote zilikuwa za 10,000, wala kama bahasha ilikuwa na nembo. Anayebeba pesa nyingi afanye mambo mawili kabla ya kutoka: apige picha kifurushi kikiwa kimefungwa, na aweke ndani karatasi yenye namba ya simu. Aliyekwisha poteza aende benki kuchukua uthibitisho wa siku aliyotoa pesa, kisha atoe taarifa ya upotevu polisi mapema. Taarifa hiyo ndiyo nusu ya pili ya mtambo. Mwokotaji akiwa amefanya yake na mwenyewe hajaandikisha, kinachobaki ni pesa iliyokaa rafu moja na namba.

Udhaifu mkubwa kabisa uko kwenye zawadi. Sheria inasema mwenye mali atampa mwokotaji kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani. Kwa yen 2,000,000, hiyo ni kati ya yen 100,000 na 400,000. Zikiokotwa dukani au kituoni, kiwango hugawanywa nusu kwa nusu na mwenye jengo: mwokotaji anaangukia kati ya 50,000 na 200,000, na wenye jengo wanaweza kudai kiasi hichohicho. Mpaka hapo ni wazi. Lakini polisi hawapangi asilimia, hawakusanyi pesa, wala hawaizuii bahasha hadi mwokotaji alipwe. Wanarudisha mali, wanatoa mawasiliano ya aliyekubali, na wanajitoa. Mwokotaji ana mwezi mmoja tangu mali irudi. Ukipita bila kudai, haki imekufa. Mwenye mali akisema asilimia 5 na wewe ukisema 20, mmebaki ninyi wawili na, mkishindwana, mahakama ya madai. Kwa huduma iliyopangwa hivi kila hatua, kuwaachia watu wawili wasiojuana mazungumzo ya aibu kama haya ni kasoro. Kiwango kimoja kisichobadilika kingemaliza ubishi.

Na ushuru haujasahau mtu. Zawadi, na pia pesa zilizogeuka kuwa zako, huhesabiwa kama mapato ya mara moja. Kuna msamaha wa hadi yen 500,000, na nusu ya kinachobaki ndiyo huongezwa kwenye mapato ya mwaka. Aliyemiliki yen 2,000,000 za kuokota, bila mapato mengine ya aina hiyo, anatoa 500,000, anabaki na 1,500,000, na anatozwa kwa 750,000.

Kesi ambayo kila mzungumzaji wa jambo hili huitaja ni ya Aprili 1980. Dereva wa lori aliokota katika mtaa wa Ginza kifurushi chenye yen milioni 100. Kwa noti za 10,000 huo ni mzigo wa karibu kilo 10, si kitu kinachoanguka mfukoni. Alikabidhi polisi, muda wa miezi 6 wa sheria ya zamani ukapita, mwenyewe hakujitokeza hadharani, na dereva akawa mmiliki, akalipa na kodi yake. Huduma ilifanya yote iliyoahidi. Ambacho haikukifanya ni kumficha: jina lake lilijulikana nchi nzima, vitisho vikamfuata, na aliacha kazi. Mwaka 1989 zaidi ya yen milioni 200 ziliokotwa kwa awamu mbili kwenye kichaka cha mianzi huko Kawasaki, mkoa wa jirani wa Kanagawa, na safari hiyo mwenyewe alipatikana: mkuu wa kampuni aliyezitupa mwenyewe. Pesa kubwa sana zisizo na mdai mara nyingi zina sababu ya kutodaiwa, na sababu hiyo mwokotaji hana haja ya kuijua. Nje ya huduma angelazimika kuijua.

Jaribio gumu kuliko yote lilikuja baada ya tsunami ya Machi 2011. Katika mikoa iliyopigwa, hasa Miyagi, Iwate na Fukushima, makasha ya chuma zaidi ya 5,700 yaliyosombwa na maji yalikabidhiwa polisi, yakiwa na mabilioni ya yen, na sehemu kubwa mno ya fedha hizo ilirudi kwa wenyewe au warithi wao. Kilichosaidia ni vilivyokuwa ndani pamoja na pesa: vitabu vya benki, mihuri ya majina, hati za ardhi. Ni somo lilelile la bahasha, kwa kiwango kikubwa zaidi: pesa iliyo karibu na jina hurudi.

Kuna wanaoamini kwamba kiasi kikizidi, uaminifu huisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulisambaza pochi 17,303 katika miji 355 ya nchi 40, ukawakabidhi wafanyakazi wa kaunta za hoteli, benki na ofisi kama vitu vilivyookotwa. Pochi zisizo na pesa ziliripotiwa kwa asilimia 40. Zenye dola kama 13 kwa asilimia 51. Nchi tatu zilipojaribiwa kwa dola 94, zikafika asilimia 72. Pesa zilipoongezeka, watu walirudisha zaidi. Kila pochi ilikuwa na kadi yenye jina na anwani ya barua pepe, hivyo mwokotaji alijua pa kuipeleka. Mjini Tokyo kazi hiyo ya kuonyesha pa kupeleka hufanywa na koban, hata pale ambapo jina halipo.

Kwa mgeni, mambo machache. Kaunta nyingi za mtaani zinaendeshwa kwa Kijapani, kwa hiyo uwe na programu ya kutafsiri kwenye simu, na usitie sahihi safu za haki kabla hujaelewa kila moja. Kuachia haki zote ni alama moja ndogo ya kalamu. Andika anwani utakayokuwa nayo baada ya miezi mitatu, siyo ya hoteli. Na kama unaondoka nchini wiki ijayo, pima kwa utulivu kama kuna maana ya kushika haki ya umiliki: miezi 3 ya kusubiri, kisha miezi 2 ya kuchukua, vyote vitaangukia wakati hupo. Zawadi ina uwezekano zaidi, mradi umekubali mawasiliano yako yatolewe na namba uliyoandika inapatikana ukiwa kwenu.